Daftari la Ubatizo, Sanduku la Familia na Kinywa cha Mzee: Namna ya Kuisoma Historia ya Wakristo wa Uluguru

UTANGULIZI

Katika kitabu cha Ezra, sura ya pili, tunasoma habari za jamaa fulani za makuhani waliorudi kutoka uhamishoni, wakautafuta uandikishwaji wa nasaba zao wasiuone. Na kwa sababu hiyo wakatengwa na ukuhani. Kwa ajili ya orodha iliyopotea, watu walipoteza nafasi yao katika nyumba ya Mungu. Mchungaji anayehudumu Morogoro au katika milima ya Uluguru haoni jambo hilo kuwa geni. Mara kwa mara watu hufika ofisini wakiomba cheti cha ubatizo cha bibi, au tarehe ya ndoa ya babu. Nyuma ya ombi hilo huwa kuna shauri la shamba, urithi, au swali zito kuliko yote: sisi ni watu wa nani?

Katika makala hii tunakusudia kueleza aina tatu za ushahidi ambazo kwazo historia ya Wakristo wa Uluguru yaweza kujulikana: maandiko ya kanisa, kumbukumbu za familia, na masimulizi ya mtu binafsi. Hoja yetu ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iwezayo kusimama peke yake. Na kwamba mchungaji anayetoa jibu kwa kutazama daftari la kanisa tu, bila kuwasikiliza wenye ukoo, aweza kumshuhudia jirani yake uongo hali akisoma kwa usahihi kila neno lililoandikwa.

1. MAANDIKO YA KANISA

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Bagamoyo mwaka 1868. Kutoka huko walipanda bara: Mhonda mwaka 1877, Morogoro mwaka 1882, Tununguo mwaka 1884, na Matombo mwaka 1897. Kwa upande wa Walutheri, wamisionari kutoka Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakafungua Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895 katika nchi ya Wazaramo. Mwaka 1903 kazi hiyo ikachukuliwa na Misioni ya Berlin, nayo ikaenea hata Morogoro kabla ya Vita Kuu ya kwanza.

Wamisionari hao, Wakatoliki kwa Walutheri, walikuwa watu wa kalamu. Waliandika shajara za vituo, barua kwa wakubwa wao Ulaya, taarifa za magazeti ya misioni, na madaftari ya ubatizo, ndoa na mazishi. Kwa sehemu kubwa ya milima yetu, hayo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza yanayowataja watu wa kawaida kwa majina. Afisa wa serikali aliandika idadi ya walipa kodi. Msafiri aliandika mito na bei ya chakula. Mwenye daftari la ubatizo aliandika kwamba siku fulani mtoto fulani alizaliwa na mama fulani.

Hata hivyo kila mwandishi huandika kwa haja yake. Mfano mwema ni habari za mji wa Simbamwene, uliokuwa mahali pa Morogoro ya leo. Henry Morton Stanley aliupita mwaka 1871. Katika kitabu chake alikadiria wakazi wake kuwa kati ya 3,000 na 5,000, akausifu ukuta wake, na kumweleza Kisabengo aliyeujenga kama mnyang'anyi na mteka watu. Aliporudi mwaka uliofuata alikuta mafuriko yameubomoa. Maelezo hayo ni ya thamani, lakini ni ya mgeni aliyepita njia, mwenye mizigo yake na ugomvi wake juu ya hongo. Katika kumbukumbu za Morogoro, Kisabengo ni mwanzilishi wa mji na shina la nyumba ya akina Kingo. Mwanafunzi wa historia asikimbilie kuchagua upande mmoja. Mtu aliyejenga ngome katika siku za biashara ya watumwa aliweza kuwa kimbilio kwa waliomo ndani na tisho kwa walio nje.

Madaftari ya ubatizo nayo yana haja yake. Yaliundwa kwa mfano wa Ulaya, ambako mtoto huhesabiwa kwa baba. Safu zake zina nafasi ya jina la Kikristo, jina la baba, jina la mama, tarehe na wadhamini. Safu ya ukoo wa mama haimo. Katika nchi ya Waluguru upungufu huo si mdogo, kama tutakavyoona.

2. KUMBUKUMBU ZA FAMILIA

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Ukoo mkubwa huitwa lukolo. Tawi lake, yaani watu wanaomjua bibi mmoja aliyewazaa, huitwa tombo, neno lenye maana ya titi. Mtu ni wa titi alilonyonya mama yake. Ardhi ya asili ni ya tombo, na mkuu wake huigawa kwa niaba ya wote, walio hai na waliolala. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kupewa shamba la kulima, akatoa ngoto, yaani zawadi ndogo ya kila mwaka, kuwa ishara kwamba anakiri mwenye ardhi ni nani. Baba aliweza kuwapa watoto wake shamba walitumie, lakini kwa kawaida lilirudi kwenye tombo lake baada ya muda.

Mkuu wa ukoo anapofariki, anayemrithi huchukua jina lake pamoja na nafasi yake. Jina mashuhuri kuliko yote ni Kingalu wa Kinole, aliyejulikana kwa mamlaka juu ya mvua. Nalo limevaliwa na watu wengi, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo mzee asemapo kwamba fulani alizungumza na Wajerumani, na fulani huyo huyo akabishana na Waingereza, asidhaniwe kuwa amechanganya miaka. Anasema kweli kwa kanuni ya ukoo wake: aliyezungumza ni mwenye jina.

Hapa ndipo msomaji wa nyaraka anapaswa kuwa mwangalifu. Katika ukoo, jina moja laweza kuwa la watu wengi; katika daftari la kanisa, mtu mmoja aweza kuwa na majina mengi. Alipewa jina alipozaliwa, jingine alipochezwa, jingine alipobatizwa, na huenda jingine alipoandikishwa kodi au kazi ya mkonge. Anayelinganisha majina tu, bila kuuliza mama, kijiji na rika, atawafanya watu wawili kuwa mmoja, na mmoja kuwa watatu.

Kumbukumbu za familia hazikai kichwani tu. Zimo pia katika sanduku la mbao au la bati chini ya kitanda: stakabadhi za kodi, vyeti vya shule ya misioni, barua za vijana waliokwenda vitani au mashambani, kadi za vyama, picha iliyofifia. Katika nyumba za Waislamu wa bondeni na pwani huwamo pia karatasi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: madeni, talaka, nasaba. Katika nyumba za Walutheri hatuna budi kuitazama Biblia yenyewe. Biblia ya Karl Roehl iliyotoka mwaka 1937, ile ya Union Version ya mwaka 1952, pamoja na vitabu vya nyimbo, mara nyingi hubeba katika kurasa za mwanzo tarehe za kuzaliwa na za kufa kwa mkono wa baba au mama wa nyumba. Ni daftari la pili la ubatizo, na pengine lina watoto ambao la kwanza halina: wale waliokufa kabla mchungaji hajafika.

Zaidi ya hayo, tusiwasahau watani. Katika mazishi ya Uluguru watani wa ukoo wana kazi yao na maneno yao, na kwa mzaha husema yale ambayo wenye msiba hawawezi kuyatamka. Mchungaji anayeudhika na kelele zao makaburini aweza kukosa mafundisho makubwa ya nasaba.

3. MASIMULIZI YA MTU BINAFSI

Aina ya tatu ni simulizi la mtu juu ya maisha yake mwenyewe. Katika Afrika Mashariki kanisa limechangia sana katika kuyahifadhi masimulizi ya watu ambao hakuna mfalme wala mwanahistoria angewauliza.

Mfano wa zamani ni Swema, msichana wa Kiyao aliyeuzwa kwa sababu ya deni la mama yake, akapelekwa Unguja, akazikwa akidhaniwa maiti, akaokolewa na kufikishwa misioni. Padre Anton Horner aliyaandika maneno yake kwa Kifaransa, nayo yakachapishwa Paris mwaka 1870. Katika nyanda za juu za kusini, Elise Kootz-Kretschmer wa Misioni ya Moravian aliandika huko Utengule maisha ya wanawake kama Narwimba na Chisi, waliopita mikono ya wateka watu wengi. Katika Kiswahili tunacho kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, cha mwaka 1934, kilichotungwa na mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru.

Tunapoyasoma tujiulize maswali mawili. La kwanza: ni sauti ya nani? Swema alisimulia, padre akaandika, na wachapishaji wa Ufaransa wakapamba ili kuigusa mioyo ya wafadhili. Mahali ambapo msichana anahubiri kama kitabu cha ibada, tunasikia mwandishi. Mahali anapotaja deni, nzige, njaa na mama aliyeachwa njiani, tunamsikia yeye. La pili: ni nini hakikusemwa? Aliyepona utumwani hukaa kimya juu ya mambo ambayo kuyasema kungewaumiza watoto wake.

Ukimya huo unatuhusu hapa Morogoro. Vituo vya kwanza vya misioni huko Mhonda, Morogoro na Tununguo vilianza kwa sehemu na vijiji vya Wakristo waliokombolewa utumwani, waliooana Bagamoyo kisha wakapelekwa bara. Watu hao hawakuwa na lukolo milimani. Serikali ya Waingereza ilipoufuta utumwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, haikuweza kuwapa ukoo. Walioana na wenyeji, wakapokewa, na wajukuu wao leo ni Waluguru. Katika daftari asili ya wazee wao ingali imeandikwa. Katika familia pengine imezikwa kwa makusudi.

Wakati mwingine vyanzo hivi vyote vyanena juu ya tukio moja, nasi twaweza kuvilinganisha. Mwaka 1955 watu wa Uluguru waliupinga mpango wa serikali wa kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba ya mlimani, na katika ghasia zilizotokea Matombo mtu aliuawa kwa risasi. Nyaraka za serikali hueleza mmomonyoko wa udongo na uchochezi wa kisiasa. Ukiwauliza wenye mashamba, wanakueleza udongo wa chini usio na rutuba uliopinduliwa juu, siku za kazi bila malipo, na hofu kwamba anayeamuru jembe liingie vipi atadai hatimaye na ardhi yenyewe. Vyote ni ushahidi. Lakini anayesoma upande wa kwanza tu hataelewa kwa nini watu wapole walishika mawe.

Wapo waliokwisha kutuonyesha njia. Padre Canute Mzuanda aliandika Historia ya Uluguru, iliyotoka Morogoro mwaka 1958, akikusanya habari za koo kama mwenyeji. Peter Pels, katika kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya wamisionari na Waluguru, aliziunganisha nyaraka za misioni na mazungumzo na wazee.

4. MFANO KUTOKA MBALI

Jambo hili si la kwetu tu. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba kila parokia iwe na madaftari ya ubatizo na ndoa, na agizo hilo likavuka bahari pamoja na Wahispania hadi Amerika. Huko New Mexico, ambayo leo ni sehemu ya Marekani, maasi ya wenyeji wa Pueblo ya mwaka 1680 yaliteketeza karibu maandishi yote ya makanisa. Mfransisko mmoja mzaliwa wa huko, Fray Angélico Chávez, aliyapitia madaftari yaliyobaki na nyaraka za familia, akatoa mwaka 1954 kitabu juu ya asili ya jamaa za Kihispania za New Mexico. Wengi waliojiona watu wasio na historia walijikuta humo.

Madaftari hayo yalionyesha pia jambo ambalo jamaa nyingi hazikulitazamia. Walikuwamo watu walioitwa genízaro: mateka wa makabila ya Kihindi walionunuliwa wakiwa watoto, wakabatizwa, wakapewa majina ya nyumba walizotumikia. Kwa karne mbili wazao wao waliitwa Wahispania. Katika siku zetu wengi wanalidai jina la genízaro kwa heshima. Tofauti na hali yetu ni kubwa, lakini fundisho ni moja. Maji ya ubatizo yaliwapa mateka jina jipya, na daftari lile lile lililolifunika jina lao la kwanza likawa njia ya kulitafuta tena.

5. KUVISOMA PAMOJA

Tuchukue mfano tuliotunga kwa ajili ya mafundisho. Kijana anakuja na cheti cha ubatizo cha bibi yake, Maria binti Petro. Anasema: Petro alilima shamba lile tangu zamani za Wajerumani, Maria ni binti yake, mimi ni mjukuu wa Maria, naomba kanisa lishuhudie. Daftari linakubaliana naye katika kila neno. Lakini wazee wakiulizwa wanasema Petro alikuwa mtu wa lukolo lingine, na shamba aliazimwa na shemeji zake, akitoa ngoto kila mwaka. Shamba ni la tombo la mke wake. Kumbe kijana ana haki, ila kwa njia nyingine: kupitia kwa mama yake Maria, ambaye jina lake katika daftari limeandikwa kwa haraka pembezoni, au halikuandikwa kabisa. Na katika haki hiyo anashirikiana na binamu wengi ambao cheti chake kingewafuta.

Swali hili limekuwa kali zaidi tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilipoweka hati za hakimiliki ya kimila. Kinachoandikwa sasa kitadumu. Ikiwa jina la baba litaandikwa mahali ambapo haki ilikuwa ya akina mama, karatasi moja itamaliza kazi ya vizazi vingi. Binti za Selofehadi, katika Hesabu sura ya 27, walisimama mbele ya Musa ili jina na urithi visipotee. Nasi tusiwe watu wa kuwapotezea binti wa Uluguru kile walichokuwa nacho.

Kanuni twaweza kuieleza hivi. Daftari ni shahidi mwema wa tarehe na wa kuwapo kwa mtu. Familia ni shahidi mwema wa uhusiano na haki. Simulizi la mtu ni shahidi mwema wa jinsi mambo yalivyoumiza au kufurahisha. Kila mmoja aulizwe lile alilolishuhudia. Vinapogongana, tusiharakishe kusema mmoja ni mwongo. Tuulize kwanza aliandika au alisema kwa haja gani, na mbele ya nani.

6. WAJIBU WA MCHUNGAJI

Kwanza, tuhifadhi. Mchwa, unyevu wa milimani na kuhamishwa kwa wachungaji vimeharibu maandishi mengi kuliko moto. Wamisionari Wajerumani waliondolewa mara mbili, baada ya Vita Kuu ya kwanza na tena vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, na mara zote mbili karatasi zilibaki mikononi mwa walimu na wazee wa kanisa. Daftari liwekwe katika kabati kavu, juu ya sakafu. Lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala ikae dayosisi. Daftari lililojaa lisitupwe wala kuchukuliwa na mchungaji anayehama.

Pili, tuandike vizuri. Hakuna kanuni ya kanisa inayotuzuia kuongeza jina kamili la mama, ukoo wake na kijiji chake. Mstari mmoja leo utaokoa shauri la miaka hamsini ijayo.

Tatu, tusikilize. Mwanafunzi anayetembelea wagonjwa na wazee achukue daftari dogo. Aombe ruhusa kwanza. Aandike kwa lugha ya msimuliaji, Kiluguru kikiwa Kiluguru. Ataje nani alisema, wapi na lini. Kisha amsomee alichoandika. Karatasi za familia zibaki kwa familia, nakala yatosha.

Nne, tutunze siri. Yaliyosemwa katika ungamo si historia, wala hayatakuwa historia. Hata yaliyo wazi katika daftari, kama asili ya utumwa au mtoto asiyeandikwa baba, hayatolewi kwa kila aulizaye. Sheria ya nchi juu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 yatukumbusha hilo, lakini sisi tulikwisha kufundishwa na Katekisimo Ndogo. Katika maelezo ya amri ya nane Luther hakuridhika na kutukataza uongo. Alitudai kumtetea jirani na kumwelezea kwa wema. Mjukuu wa aliyekombolewa akija kuuliza kwa hiari yake, asidanganywe: aketishwe, asomewe, na aonyeshwe pia majina ya wadhamini waliosimama naye bibi yake siku ile, kwa maana hao walikuwa ukoo wake wa kwanza. Lakini jirani akija kutafuta neno la kumwondolea mwenzake shamba, daftari lifungwe.

HITIMISHO

Mathayo aliipanga nasaba ya Bwana wetu kwa akina baba, kama ilivyokuwa desturi ya daftari la siku zake. Hata hivyo akawaingiza Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, wanawake ambao mwandishi mwenye aibu angewaacha. Luka naye atuambia katika mwanzo wa Injili yake kwamba alijitafutia habari kwa usahihi kutoka kwa mashahidi. Orodha, familia na mashahidi vyote vimo katika Maandiko Matakatifu, wala Roho hakuona vibaya kuvitumia pamoja.

Kwa hiyo, ndugu mchungaji, na wewe mwanafunzi unayejiandaa kupokea usharika wako wa kwanza: siku utakapokabidhiwa funguo za ofisi, fungua kabati ulione daftari la zamani kuliko yote. Kisha uliza katika usharika ni bibi yupi mzee kuliko wote, uende ukamsalimu kabla ya msimu wa mvua.